Boti ya alumini inavuja: tafuta chanzo kabla hujashika gundi

Boti ya mbao iliyoanikwa juani mwezi mzima ikishushwa majini huvuja siku mbili tatu, kisha hunyamaza yenyewe. Mbao hunywa maji, hufura, na mishono hubanana. Wengi wetu tuliokulia kando ya ziwa au pwani tulijifunza vyombo kwa njia hiyo, ndiyo maana tukipata boti ya alumini inayoingiza maji tunaipa muda, tukidhani itajifunga. Alumini haifuri. Tundu likishatokea halijizibi, na chombo kikiendelea kutumika linakua.

Tabia nyingine tuliyoirithi kwenye mbao ni kukimbilia kalafati. Kwa mbao ni sawa kabisa: pamba na mafuta huingia kwenye mshono na kukaa humo. Kwa alumini, watu wameacha pamba wakashika silikoni. Wanapaka kila panapotiliwa shaka, boti inakaa kavu wiki mbili, halafu maji yanarudi. Nimewahi kubandua tabaka tatu za gundi za rangi tofauti kwenye boti moja, na chini yake bamba lilikuwa limelika mpaka bisibisi inapita bila kusukumwa. Gundi ilikuwa imeyafungia maji juu ya alumini, na maji yaliyofungiwa ndiyo yanayoila.

Ninazozungumzia hapa ni boti za futi 12 hadi 20, za bamba jembamba lililofungwa kwa ribiti (pini fupi za metali zinazobana bamba kwa bamba), na zile nzito kidogo zilizochomelewa. Kwetu utazikuta kwenye kambi za watalii mtoni na kwa watu walioagiza zilizotumika kutoka ng'ambo, nyingi zikiwa na umri wa miaka 20 au zaidi.

Maji yanaingia lini?

Kabla ya kugusa chochote, mwulize anayeiendesha swali hili. Jibu lake hupunguza kazi kwa nusu.

Kama maji yanaongezeka boti ikiwa imefungwa tu gatini, tundu liko chini ya usawa wa maji na liko wazi muda wote. Anza na kizibo cha kutolea maji kwenye tezi, yaani nyuma ya boti: mpira uliokakamaa, nyuzi zilizolika, au kitako cha kizibo ambacho ribiti zake zimelegea. Nimeona boti ikipinduliwa na kupigwa gundi tumbo zima wakati ubovu ulikuwa kwenye mpira wa kizibo.

Kama yanaingia boti ikikimbia tu, hasa siku ya mawimbi, mishono inafunguka na kufunga kadiri bamba linavyopinda. Hapo shaka ya kwanza ni ribiti za omo (mbele ya boti) na zile zilizo jirani na mkuku (uti wa chini wa boti), ndiko boti inakojipiga majini. Kama yanaingia ikibeba mzigo mzito au abiria wengi wakikaa nyuma, tafuta tundu lililo juu ya usawa wa kawaida wa maji: matundu ya bolti za mashine, pitio la nyaya, skrubu za kifaa cha kupimia kina.

Na kama maji yapo ndani hata baada ya boti kukaa siku kadhaa nchi kavu, huenda ni mvua, au ni povu la kuelea lililo chini ya sakafu limelowa na linayaachia taratibu. Kwa boti ya baharini, chovya kidole kwenye maji hayo na uguse ulimi: ya mvua na ya bahari utayatofautisha papo hapo. Ila usionje kama yana petroli au oili.

Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji nayo ndivyo yalivyo. Yakiingilia omo yatatambaa juu ya mataruma (mbavu za boti), chini ya sakafu, na utayakuta ngamani, pale chini maji yanapokusanyika, karibu na tezi. Pale unapoyaona siko yanakoingilia.

Kuijaza boti maji ndani

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kuipandisha boti kwenye magogo au trela, kuondoa sakafu na povu, kukausha tumbo lote kwa kitambaa, kisha kumimina maji ndani na kuangalia yanakotokea nje. Usijaze kupita kiasi. Boti ya mita 4 na ushei yenye maji ya kina cha sentimita 10 inabeba karibu lita 400, yaani kilo 400 zisizo na maji ya kuzishikilia kutoka chini. Egemeza mkuku sehemu nyingi, la sivyo utaongeza nyufa. Anza na sentimita 3, zungukia chini na tochi, halafu ongeza kidogo kidogo. Inua omo ili upime nyuma, kisha inua tezi ili upime mbele.

Kila tone unaloliona lizungushie alama ya chaki. Usitumie penseli: ile ncha nyeusi ni grafaiti, na grafaiti ikikaa juu ya alumini penye unyevu huanzisha ulikaji. Andika pia kama panatoka jasho, matone au mchirizi, kwa sababu hayo matatu hayatibiwi sawa.

Pasipo na maji ya kutosha, ngoja usiku, weka taa kali ndani na utazame kutoka nje. Vitundu vya ncha ya sindano vitang'aa kama nyota. Kipimo hiki hakionyeshi ribiti zilizolegea, lakini kwa bamba lililolika ni kizuri sana.

Michirizi myeusi kuzunguka ribiti

Huu weusi si uchafu wa ziwa. Ribiti iliyolegea hucheza ndani ya tundu lake, chuma kinasagana na chuma, na unga unaotoka huwa wa kijivu au mweusi. Weka kidole juu ya kichwa cha ribiti huku mwenzako akisukuma bamba kutoka ndani. Ukihisi mtikisiko, umeipata.

Kama tundu bado ni duara, ribiti inaweza kukazwa. Kazi hii ni ya watu wawili: mmoja anaegemeza kipande kizito cha chuma bapa kwenye kichwa cha nje, mwingine ndani anagonga mkia kwa nyundo, mapigo mafupi na thabiti. Mapigo matatu manne yanatosha. Ukizidisha, unaipasua au unalivimbisha bamba.

Kama tundu limeshakuwa na umbo la yai, kukaza hakutasaidia. Toboa kichwa kwa keekee, sukuma ribiti itoke, panua tundu liwe duara tena, na uweke ribiti nene zaidi. Palipokuwa na ya milimita 4.8, ya 6.4 hukaa vizuri, mradi kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bamba pabaki walau mara mbili ya unene wa ribiti.

Hapa kuna jambo linaloniumiza kila ninapoliona. Ribiti za kuvuta kwa bunduki zinazouzwa katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi zina tundu katikati na msumari wa chuma cha kawaida. Zinafaa kwa mabati na milango. Ukizitia chini ya boti, maji yanapita katikati yake, na ule msumari unaobaki ndani unashika kutu. Kwa boti tumia ribiti nzima ya alumini ya kugonga. Ikiwa huwezi kufika upande wa pili, tumia ile ya kuvuta iliyozibwa kichwani, na uichovye kwenye gundi ya poliurethani kabla ya kuiingiza.

Zikiwa ribiti tano zimelegea hapa na pale, huo ni uzee. Zikiwa ishirini mahali pamoja, usizibadilishe kwanza. Uliza kwa nini bamba linacheza hapo. Mara nyingi utakuta taruma limekatika, au mtu ameondoa kiti cha kukatiza ili apate nafasi ya mzigo. Viti vile havikuwekwa kwa ajili ya makalio tu, ndivyo vinavyoshikilia mbavu za boti zisifunguke. Sababu nyingine ni mashine yenye nguvu kupita kiasi kilichoandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji.

Unga mweupe na vishimo

Alumini haishiki kutu nyekundu. Hujifunika ngozi nyembamba sana ya oksidi, na ngozi hiyo ikikwaruzwa hujirudisha yenyewe mara moja maadamu hewa inafika. Boti isiyopakwa rangi inaweza kuishi miaka 40 na ikabaki ya kijivu tu. Shida huanza pale ngozi inapovunjwa na kunyimwa nafasi ya kujirudisha. Hapo unatokea unga mweupe, na chini ya unga kuna kishimo.

Yeyote aliyepika kwa sufuria ameshauona ubishi wa alumini na udhaifu wake. Sufuria huvumilia moto kila siku, lakini ukiipikia makande kwa magadi inageuka nyeusi, na ukiacha chakula cha chumvi kilale humo siku nyingi unakuta vidoti. Boti ni hivyo hivyo.

Mahali pa kwanza pa kuangalia ni chini ya kitu chochote kinachokaa na maji: zulia la sakafuni, povu lililolowa, kipande cha plaiwudi, matope na majani yaliyoganda ngamani. Maji yaliyobanwa hapo hayana hewa mpya, chumvi inajikusanya, na bamba linalika bila kuonekana. Kama boti yako ina zulia lililogundishwa, ling'oe hata kama hakuna kinachovuja.

Angalia pia mbao. Mbao zilizotiwa dawa, zile zenye ukijani, zina shaba ndani yake. Zikilowa na kugusa alumini zinaila. Tumia plaiwudi ya baharini isiyo na dawa na uifunike epoksi pande zote, pamoja na kingo na kila tundu la skrubu.

Kisha okota vitu vilivyoangukia ngamani. Chubwi za risasi, ndoana zilizoshika kutu, sarafu, vipande vya waya wa shaba: kila kimoja kikilala kwenye maji juu ya alumini kinafanya kazi kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Nimekuta tundu la duara safi chini ya chubwi moja iliyokwama nyuma ya taruma.

Mizigo nayo ina sumu zake. Mfuko wa saruji ukipasuka na kulowa huacha tope kali linalochubua alumini, kwa hiyo suuza siku hiyo hiyo. Usisugue boti kwa majivu wala sabuni yenye magadi makali. Kwa wanaosafirisha vifaa vya wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Geita, naomba msikilize hili kwa makini: zebaki isipande kabisa kwenye boti ya alumini. Tone dogo likigusa mahali palipokwaruzwa huingia ndani ya chuma na kuzuia ile ngozi isijirudishe, na ulikaji unaendelea hata baada ya kupangusa. Ndege haziruhusu zebaki kubebwa ovyo kwa sababu hiyo hiyo.

Namna ya kutibu inategemea kina cha kishimo. Safisha kwa brashi ya nyuzi za stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, kwani chembe za chuma zikibaki zitaanzisha ulikaji mpya. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, kisha bonyeza kila kishimo kwa ncha ya bisibisi. Bamba la boti nyingi za ribiti za futi 14 lina unene wa kama milimita 1.6 tu, kwa hiyo hakuna nafasi ya kujidanganya. Kishimo kisichofika nusu ya unene, kilicho peke yake, nakijaza epoksi. Kinachobonyea, au vishimo vilivyosongamana kama kichujio cha chai, vinakatwa na kuwekwa kiraka.

Rangi inavimba kuzunguka bolti

Malengelenge ya rangi kuzunguka bolti ya stenlesi au kifaa cha shaba ni dalili ya metali mbili zisizopatana. Penye maji ya chumvi, alumini hujitoa mhanga ili stenlesi au shaba ibaki salama. Stenlesi ndogo juu ya bamba kubwa huvumilika ikitengwa vizuri: washa ya nailoni chini ya kichwa, gundi ya poliurethani ndani ya tundu, na kwenye nyuzi mafuta mazito ya kutenganisha metali, au hata lanolini. Grisi yenye chembe za shaba, ambayo mafundi wa magari huipenda kwa bolti za injini, usiitie hapa kabisa. Vifaa vya shaba vitoe, uweke vya plastiki ngumu. Rangi ya chini ya maji yenye shaba, inayozuia chaza na mwani kwenye boti za mbao na faiba, ni marufuku kwa alumini. Zipo zilizotengenezwa bila shaba.

Anodi ni kipande cha metali kinachojitolea kuliwa badala ya boti, lakini lazima iendane na maji. Ziwani na mtoni ni magnesiamu. Baharini ni zinki au alumini maalumu. Kwenye delta, maji ya chumvi na baridi yanapokutana, ni ya alumini. Zinki ikiwekwa ziwani hujifunika gamba na kulala, huku boti ikiliwa. Magnesiamu ikipelekwa baharini huisha haraka mno na inaweza kubandua rangi. Niliwahi kuitwa kuangalia boti iliyohamishwa kutoka ziwani Mwanza kwenda Mafia. Anodi zake za zamani zilikuwa zimekwisha kabisa, na hakuna aliyefikiria kuzibadilisha kabla ya kuishusha majini. Anodi ikifika nusu, badilisha. Usiipake rangi, na igusane na alumini tupu ya boti.

Vishimo vingi ndani ya wiki chache

Uzee hauendi kasi hivyo. Ukiona boti iliyokuwa nzima mwezi uliopita imejaa vishimo, au anodi mpya imeisha upesi, shuku umeme. Waya chanya wa pampu uliochubuka na kulala kwenye maji ya ngama unaweza kuharibu zaidi kuliko miaka kumi ya chumvi.

Zima kila kitu, chomoa waya chanya kwenye betri, na weka mita ya umeme katikati ya betri na waya huo, ikiwa kwenye kipimo cha ampea. Isome sifuri. Ikisoma chochote, chomoa kifaa kimoja kimoja mpaka ishuke. Kila kifaa kiwe na waya wake wa kwenda na wake wa kurudi. Mafundi wa magari wamezoea kufunga hasi kwenye bodi, lakini bodi ya boti isibebeshwe umeme wa taa wala wa pampu. Nyaya zipite juu, mbali na ngama, na swichi kuu izimwe boti inapolala.

Ufa kwenye mshono uliochomelewa

Ufa una mwisho wake, na mwisho huo huwa mbele kidogo ya unapoonekana. Safisha, tafuta ncha, toboa tundu la milimita 3 pale ili usiendelee kutembea. Baada ya hapo ndipo useme habari ya kuchomelea.

Mashine ya vijiti ya kuchomelea mageti haifai hapa. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 lakini ile ngozi yake inahitaji zaidi ya 2,000, ndiyo maana fundi asiyeizoea hulitoboa bamba kabla mshono haujashika. Tafuta mwenye mashine ya gesi ya argoni, atumie waya wa 5356, ambao ndio unaotumika zaidi kwa bamba za boti. Kabla hajawasha, toa tangi la petroli nje ya boti, fungua hewa ipite, na ondoa povu lote lililo karibu, kwani moshi wake ni sumu.

Boti nyembamba za ribiti mimi siziruhusu kuchomelewa tumboni. Joto hukunja bamba, huunguza gundi ya kiwandani ndani ya mshono, na unaziba ufa mmoja huku ukilegeza ribiti kumi. Kiraka cha bamba la alumini ya aina ya 5052, kilichozungushwa pembe, kikipita ukingo wa tundu kwa sentimita 3 au 4, kikalazwa juu ya gundi na kupigwa ribiti, hudumu kuliko huo mshono.

Tezi inayotikisika

Shika mashine kwa juu, ivute na kuisukuma. Ubao wa tezi ukicheza, plaiwudi iliyomo ndani imeoza. Gonga kwa mpini wa bisibisi: palipo pazima panalia kavu, palipooza panatoa sauti ya kibuyu kilichojaa maji. Hili si la kuziba. Mashine ikidondoka katikati ya ziwa pamoja na ubao, hakuna gundi ya kukuokoa. Fungua, toa ubao wote, safisha alumini pande zote mbili, weka mpya.

Gundi, na namna ya kuipaka

Kwa mishono inayocheza na chini ya vifaa, tumia poliurethani ya baharini. Sikaflex 291 inaweza kufunguliwa siku ya matengenezo, lakini 3M 5200 ni ya kudumu, kwa hiyo usiitie mahali utakapotaka kufungua tena. Kwa vishimo na mishono iliyotulia, epoksi. Silikoni ya madirishani iache dukani. Ile yenye harufu ya siki inatoa asidi inapokauka, na rangi haishiki juu yake tena.

Epoksi nyingi hubanduka kwa sababu fundi alipiga msasa asubuhi akapaka mchana, na ile ngozi ilisharudi. Pangusa kwa asetoni kwanza, paka epoksi kidogo, kisha piga msasa juu yake ikiwa bado mbichi, ili bamba lichunike chini ya gundi bila kuonana na hewa. Ongeza tabaka la pili kabla ya la kwanza kukauka kabisa. Ndani ya boti ndiko pa kupaka mishono kwanza. Ukianza nje na ndani pakabaki wazi, maji yatakaa kati ya bamba mbili.

Ikikauka, usirudishe sakafu. Jaza maji tena kama mwanzo, pita na tochi kwenye kila alama ya chaki, kisha iendeshe saa moja penye mawimbi kiasi na sakafu ikiwa bado nje, ukitazama mishono inavyofanya kazi. Panapotoa jasho bado, fungua hapo hapo. Sakafu ikirudi, iwe na mlango mdogo juu ya ngama, unaoweza kufunguliwa kila mwisho wa wiki ili paoshwe na kukaushwa.